Yerba mate nyumbani: joto la maji, kibuyu, bombilla, na kwa nini kinywaji kinaharibika

Jani_Kavu (mwanzisha uzi)

Wadau, maswali ya yerba mate (majani tunayaita yerba, kinywaji chake mate) yametapakaa kwenye nyuzi nyingi na majibu yake mengi yanaishia "weka majani, mimina maji, kunywa". Ukifuata hivyo utapata kitu kichungu, mrija utaziba, na pakiti itaozea kabatini. Tukusanye kila kitu hapa. Mwenye ujuzi aongeze, mwenye swali aulize.

Yerba mate ni majani na vijiti vya mti uitwao Ilex paraguariensis. Kwao ni Paraguay, kaskazini-mashariki ya Argentina (Misiones na Corrientes) na kusini ya Brazil. Waguarani, wenyeji wa asili wa huko, waliutumia tangu kabla Wahispania hawajafika, na Wajesuiti wakaja kuulima mashambani katika karne ya 17. Matawi yakishakatwa hupitishwa haraka kwenye moto mkali ili jani lisigeuke jeusi, kisha hukaushwa na kupondwa. Argentina huyaacha ghalani yakomae kwa miezi, mara nyingi hadi mwaka na zaidi, ndipo yasagwe na kufungwa. Jani halichachushwi kama la chai nyeusi, kwa hiyo usilipikie kama chai nyeusi.

Vifaa ni vitatu. Kibuyu au kikombe cha mililita 150 hadi 250. Bombilla, yaani mrija wa chuma wenye kichujio upande wa chini. Na chupa ya chai ya lita moja ambayo mdomo wake unatoa maji kwa mkondo mwembamba. Hili la mdomo watu wanalipuuza. Zile chupa kubwa za kubonyeza juu zinarusha maji kwa nguvu na kuchimba yerba yote. Kama ndiyo uliyo nayo, hamishia maji kwenye birika dogo lenye mkonga.

Sasa kazi yenyewe. Jaza yerba robo tatu ya kibuyu. Kwa kikombe cha mililita 200 ni kama gramu 40 hadi 50. Ndiyo, ni nyingi, na ndivyo inavyotakiwa. Funika mdomo kwa kiganja, pindua kichwa chini, tikisa mara kadhaa. Vumbi litakuja kiganjani; lipulize. Huna haja ya kulimaliza vumbi, unataka tu kuliondoa kwenye kitako cha kibuyu ambako kichujio kitakaa. Rudisha kibuyu taratibu kikiwa kimelala kama digrii 45, ili yerba ijilundike upande mmoja na kufanya mteremko. Upande mmoja utakuwa umepanda karibu na mdomo, upande wa pili utabaki shimo.

Shimoni mimina maji ya vuguvugu, nyuzi 40 hadi 50, kiasi cha kulowesha chini ya mteremko tu. Subiri dakika moja au mbili yanyonywe, yerba ivimbe na kushikana. Kisha ziba tundu la juu la bombilla kwa dole gumba ili vumbi lisipande ndani, shindilia kichujio shimoni mpaka kiguse kitako, mrija ukiegemea ukuta wa kibuyu. Achia dole. Kuanzia hapo bombilla haiguswi tena.

Maji ya kunywea ni nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi. Yamimine pale pale bombilla ilipoingia, mkondo mwembamba, karibu na mdomo wa kibuyu, mpaka povu lionekane. Kilele cha mteremko kibaki kikavu. Ufundi wote wa mate uko hapo. Yerba kavu iliyo juu ndiyo akiba yako; kila ukimimina, maji yanaimega kidogo na kupata jani jipya. Ukilowesha yote kwa mara moja, mimino wa kwanza na wa pili itakuwa mikali kupita kiasi, na ukifika wa tano unakunywa maji matupu. Ukilinda mteremko, lita nzima inaisha na ladha bado ipo.

Kila mimino ni mililita 30 hadi 60 hivi. Kunywa hadi mrija utoe mlio wa hewa, ndipo umimine tena. Usiache maji yakae yamesimama ndani, yatatoa uchungu na kupoa.

---

Mtaa_wa_Pwani

Uzi mzuri mkuu. Kwa sisi tusio na kipimajoto, hizo nyuzi 75 tunazijuaje? Na kwa nini tusitumie tu maji yaliyochemka kama ya chai ya rangi?

---

Jani_Kavu

Naanza na la pili. Maji yanayochemka hung'oa tanini kwa kasi, mimino miwili ya mwanzo inakuwa michungu ya kukunja uso, na papo hapo yanakausha ladha yote iliyobaki. Yerba inakuwa imeoshwa. Watu wa Argentina na Uruguay wanaona kuchemsha maji ya mate ni kuyaharibu. Ukweli ni kwamba ukiyaacha yapoe yanafaa; kosa ni la anayeyamimina yakiwa bado yanatokota.

Kuhusu kipimajoto, tumia hesabu ya kuchanganya. Pwani maji yanachemka nyuzi 100 na maji ya mtungini ni kama 28. Mililita 700 za maji yanayochemka na 300 za maji ya kawaida yanakupa nyuzi 78. Vikombe viwili vya yanayochemka kwa kimoja cha kawaida ni 76. Maji ya kawaida yawe ya kunywa, yaliyokwisha kuchemshwa na kupoa.

Kabla ya kujaza chupa, isuuze kwa maji ya moto kisha yamwage. Chupa baridi inakula nyuzi kadhaa kabla hujaanza kunywa.

---

Karanja_wa_Milimani

Niongezee kwa walio nyanda za juu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, maji yanachemka nyuzi 94 hivi, si 100, na ya mfereji ni baridi zaidi, kama 20. Ukitumia hesabu ya pwani utapata maji yaliyopoa. Huku ni vikombe vitatu vya yanayochemka kwa kimoja cha baridi, unapata 75 na nusu. Ukitaka moto zaidi, vinne kwa kimoja, inafika 79.

Bila kuchanganya, tazama sufuria. Vitone vidogo vinapoanza kushika sakafu ya sufuria na mvuke mwembamba unapanda lakini hakuna kiputo kinachofika juu, epua. Birika likianza kuimba ujue uko karibu mno, epua sasa hivi. Usingoje lipige mluzi.

Na maji yenyewe mazuri ni muhimu. Maji ya kisima yenye chumvi, kama ya sehemu nyingi za pwani, yanaua ladha kabisa. Maji magumu nayo yanaacha ukoko mweupe ndani ya bombilla.

---

Bi_Mchaichai

Wadau, kabla watu hawajanunua, tuwaeleze pakiti, maana yerba si moja. Anayenunua ya Brazil akaitumia na bombilla ya Argentina ataijutia siku ya kwanza.

Ya Argentina ikiandikwa "con palo" ina vijiti. Sheria yao ya vyakula inaruhusu vijiti hadi asilimia 35. Ndiyo ya kuanzia. Vijiti vinaacha maji yapite na kulainisha ladha. "Sin palo" au "despalada" ina vijiti visivyozidi asilimia 10, ni kali na inaziba kirahisi. "Suave" ni laini. Ukikuta "barbacuá", imekaushwa taratibu juu ya joto la kuni na ina harufu ya moshi.

Ya Uruguay imesagwa laini sana, karibu haina vijiti, vumbi jingi. Nyingi hulimwa na kutengenezwa Brazil kwa ladha ya Waruguay, ambao ndio wanywaji wakubwa kuliko wote ukigawanya kwa idadi ya watu. Ni nzuri na inadumu mimino mingi, lakini inataka mkono uliozoea.

Ya Paraguay ina majani makubwa makubwa na vijiti, imelengwa kwa maji ya barafu. Nyingi zinakuja zikiwa zimechanganywa na nanaa au mimea mingine, soma pakiti.

Ya Brazil ya chimarrão, yaani mate ya moto ya kwao, ni unga wa kijani kibichi kabisa, haukomazwi ghalani. Ukifunguliwa unapoteza rangi na harufu haraka. Weka kwenye jokofu ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, maliza ndani ya mwezi mmoja au miwili. Ukigeuka njano, basi.

---

Mtaa_wa_Pwani

Shukrani dada. Na kibuyu je? Huku vibuyu vimejaa sokoni. Lazima niagize cha Argentina?

---

Fundi_Buyu

Hapana, na hapa wengi wanapoteza hela. Kibuyu cha mate ni tunda la Lagenaria siceraria, mmea ule ule wa vibuyu vyetu, vile ambavyo Wamasai na Wakalenjin wanatunzia maziwa. Tofauti ni umbo na ukubwa tu.

Ila usichukue kibuyu kilichokwisha kutumika kwa maziwa au pombe. Mafuta ya maziwa na hamira vimeingia kwenye nyama ya kibuyu, havitoki. Kilichofukizwa moshi ndani, kama vya mursik (maziwa ya mgando ya Wakalenjin), kitaipa mate harufu hiyo milele.

Chagua kikavu kabisa: ukikitikisa mbegu zinagonga, ukikigonga kinalia. Ukuta uwe mnene, milimita tano na kuendelea, chembamba kitapasuka. Kikate kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo, mdomo uwe sentimita 4 hadi 6 upana, na kina cha ndani kiwe sentimita 8 au 9. Ukikata mdomo mpana kama bakuli, mteremko hausimami. Sugua ukingo kwa msasa. Funga kitambaa puani unapokwangua, lile vumbi linawasha koo na mapafu.

Toa mbegu na utando wote mweupe kwa kijiko, kisha jaza maji ya moto, acha usiku mzima. Asubuhi gusa yale maji kwa ncha ya ulimi na uteme. Vibuyu vingine vina uchungu mkali unaotokana na kemikali iitwayo kukurbitasini, na huo unaleta kutapika na kuumwa tumbo. Uchungu ukiwepo, mwaga, rudia. Ukiendelea baada ya kurudia mara tatu, kitupe, tafuta kingine. Hapo hakuna kubembelezana.

Kikishapita mtihani huo, jaza yerba iliyotumika ikiwa bado mbichi, ongeza maji ya nyuzi 80, acha saa 24. Mwaga, kwangua ndani taratibu kwa kijiko, utando uliolainika unatoka. Rudia mara mbili tatu hadi kijiko kisitoe kitu. Kausha kivulini penye upepo siku mbili, kikilala ubavu. Jua kali la mchana linakipasua kwa sababu nje inakauka na kusinyaa kabla ya ndani.

Matumizi ya kila siku: ukimaliza kunywa, toa yerba hapo hapo, suuza kwa maji matupu bila sabuni, futa, kilaze. Usikisimamishe kichwa chini juu ya meza, unyevu unabaki ndani. Pwani, hasa masika, kuvu linaota kwa usiku mmoja. Likitokea, mwaga maji yanayochemka ndani, kwangua, kausha vizuri siku mbili. Harufu ya uvundo ikibaki baada ya hapo, ndiyo mwisho wake.

Usiyetaka kazi yote hii, tumia kikombe cha bati la enameli, cha glasi nene au cha udongo uliotiwa rangi ya kung'aa. Havihitaji kuandaliwa. Cha mbao nacho kinaandaliwa: paka siagi au mafuta ndani, acha siku nzima, futa, ndipo uweke yerba.

---

Nahodha77

Tatizo langu kubwa ni mrija kuziba. Nafuata hatua zote lakini mimino wa tatu nashindwa kuvuta.

---

Karanja_wa_Milimani

Ndugu Nahodha, tuambie yerba gani na bombilla ya namna gani. Nadhani jibu limo humo.

---

Nahodha77

Yerba ya Uruguay. Bombilla ni ya ile springi ndogo chini.

---

Karanja_wa_Milimani

Basi ndiyo hiyo. Springi ina nafasi kati ya mizunguko, na vumbi la Uruguay linapita hapo na kujaa ndani. Bombilla ya springi ni nzuri kwa yerba yenye vijiti kwa sababu inafunguka na kusafishika. Kwa yerba laini tafuta ile yenye kichwa bapa kama kijiko, chenye matundu madogo mengi pande zote mbili. Kwa unga wa Brazil kichwa kinatakiwa kiwe kipana zaidi, na wao wanaiita bomba.

Sababu nyingine za kuziba, kwa mpangilio wa zinavyotokea mara nyingi: kukoroga. Mtu amezoea chai, mkono unaenda wenyewe kuzungusha mrija. Ukiuzungusha umevunja lile tabaka la yerba iliyoshikana kuzunguka kichujio, ambalo lenyewe ndilo chujio la kwanza. Vumbi linamwagika chini. Halafu kuchomeka bombilla kwenye yerba kavu kabla ya maji ya vuguvugu. Halafu kumimina kwa kishindo. Halafu kuvuta kwa nguvu: ukivuta sana unavuta vumbi kuelekea kichujioni, unavuta zaidi, linashikana zaidi. Mate inavutwa polepole.

Ikiziba, kwanza puliza kidogo tu kurudisha maji chini, ukielekeza uso pembeni maana kuna maji ya moto humo. Ikishindikana, inua bombilla wima kama sentimita moja, bila kuipindisha, irudishe. Ikishindikana tena, chomoa, suuza, rekebisha mteremko upya kwa kijiko na uchomeke tena. Hapo umepoteza sehemu ya akiba kavu, lakini kikao kinaendelea.

---

Jani_Kavu

Namuunga mkono Karanja, na naongeza jambo moja. Vijiti vikianza kuelea na povu likiisha, upande ule umechoka. Usimwage bado. Chomoa bombilla, sukuma yerba iliyochoka upande wa pili kwa mgongo wa kijiko, uchomeke kwenye ule upande uliokuwa kilele. Unapata mimino mingine kadhaa ya nguvu. Ndiyo sababu nasisitiza kilele kibaki kikavu.

Na mkiwa wengi, mmoja tu ndiye amimine tangu mwanzo mpaka mwisho. Huyo ndiye anayekunywa mimino wa kwanza, kwa sababu ndio mchungu kuliko yote, kisha anamimina tena na kumpa wa pili. Kila mtu anamaliza chake na kumrudishia. Kule Argentina ukisema "gracias" (ahsante) wakati unarudisha kibuyu, umeaga: hutapewa tena. Anayetaka kuendelea anarudisha kimya kimya.

---

Msafiri_Maskati

Salaam aleikum wadau. Kwa walioko Ghuba: msihangaike kuagiza kutoka Amerika Kusini. Nendeni kwenye maduka ya bidhaa za Kisyria, mtakuta pakiti za gramu 250 au nusu kilo zenye maandishi ya Kiarabu. Wasyria na Walebanoni waliohamia Argentina tangu mwishoni mwa karne ya 19 walirudi na desturi hii, na Syria imekuwa mnunuzi mkubwa kabisa wa yerba ya Argentina nje ya nchi. Jamii ya Wadruze hasa wanaitumia sana.

Namna yao ni tofauti kidogo. Wanatumia glasi ndogo au kikombe kidogo, kila mtu chake mara nyingi, vijiko viwili vya yerba iliyosagwa laini, na wengi wanatia sukari. Inalowekwa kwanza kwa maji kidogo ya baridi, kisha maji ya moto yanaongezwa mara kwa mara kutoka kwenye birika lililo juu ya moto mdogo. Mrija ukipita kwa watu wengi unasuuzwa kwa maji ya moto, na wengine wanausugua kwa ganda la limau kila unapobadilisha mdomo. Hili la ganda la limau lichukueni hata kama mnakunywa kwa namna ya Argentina.

---

Mtaa_wa_Pwani

Aleikum salaam sheikh. Joto la Dar mwezi wa pili, kunywa maji ya moto lita nzima ni mtihani. Tereré mnaitengenezaje?

---

Bi_Mchaichai

Hapa ndipo penyewe. Tereré ni ya Paraguay, na mwaka 2020 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni pamoja na elimu ya mitishamba inayokwenda nayo. Inatengenezwa kwa maji ya barafu tangu mwanzo. Hakuna maji ya moto hata kidogo.

Tumia glasi nene au kikombe cha mililita 300; wao wanatumia pembe ya ng'ombe iliyokatwa na kuzibwa kitako. Jaza theluthi mbili yerba ya majani makubwa yenye vijiti, kama gramu 50. Chomeka bombilla baada ya mimino wa kwanza wa baridi, ukisubiri dakika mbili hadi tatu, kwa sababu maji baridi hupenya taratibu. Ukivuta mapema utakunywa maji tu.

Mitishamba haiendi kwenye yerba, inaenda kwenye jagi. Lita moja ya maji, barafu ya kutosha, mabua matatu ya mchaichai yaliyopondwa kwenye kinu, konzi ya nanaa iliyofikichwa. Mchaichai si wazo la kwetu tu. Waparaguay wenyewe wanaupenda sana kwenye tereré. Ukiweka ndimu, iweke vipande jagini na uviondoe baada ya dakika kumi, ganda lake likikaa linatoa uchungu.

Tahadhari ambayo nawaomba msiipite: kwa kuwa hakuna kitu kinachochemshwa wakati wa kutengeneza, maji ya jagini na maji ya kutengenezea barafu yote mawili yawe yamechemshwa na kupozwa. Barafu ya mtaani isiyojulikana ilikotoka isiingie humu. Mitishamba nayo ioshwe kwa maji hayo hayo.

Wengine wanatumia maji ya matunda badala ya maji. Inawezekana, ila bombilla ioshwe papo hapo, sukari ikikaukia kwenye matundu ni kazi.

---

Nahodha77

Kuna namna ya kutengeneza bila kibuyu na bombilla? Nyumbani wengine hawataki mrija.

---

Jani_Kavu

Ipo, inaitwa mate cocido. Kijiko kikubwa kimoja cha yerba, gramu 5 hivi, kwa kikombe cha mililita 250. Weka maji na yerba motoni pamoja, yakikaribia kutokota epua, funika dakika tatu hadi tano. Nyunyizia kijiko cha maji baridi juu, majani yanazama, chuja kwa kichujio cha chai. Argentina wanaiweka maziwa na sukari wakati wa kifungua kinywa, na kwa mtu aliyezoea chai ya maziwa hii ndiyo njia rahisi ya kuizoea.

Wenye jiko la mkaa jaribuni ya Paraguay, cocido quemado. Changanya vijiko vitatu vya yerba na vitatu vya sukari kwenye sufuria ndogo kavu. Chukua kaa jekundu kwa koleo, liweke katikati, tikisa sufuria hadi sukari iyeyuke na kuwa kahawia na yerba ianze kutoa moshi. Isizidi dakika moja hivi. Mimina lita moja ya maji ya moto ukiwa umerudisha uso nyuma, maana yatachemka kwa kishindo. Chuja, kaa linabaki kichujioni. Kaa liwe la kuni safi, si la mbao zilizopakwa rangi. Bila mkaa, kaanga sukari na yerba kwenye sufuria juu ya moto wa wastani hadi sukari iwe kahawia. Sukari ikiwa nyeusi, imeungua na haitengenezeki.

---

Daktari_wa_Kijani

Naomba kuweka mambo matatu ya afya, kwa sababu gramu 50 za yerba si kikombe cha chai.

Kafeini kwenye jani kavu ni karibu asilimia moja, ikizidi au kupungua kidogo kulingana na pakiti. Gramu 50 zina kama miligramu 500. Haitoki yote, lakini nyingi inatoka ukimaliza lita. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliweka miligramu 400 kwa siku kwa mtu mzima mwenye afya, na 200 kwa mjamzito, tena hiyo ni jumla pamoja na kahawa na chai. Kwa hiyo kibuyu kizima kwa mtu mmoja ni kazi ya siku nzima, na ni bora kisianzwe baada ya alasiri. Unayekunywa peke yako tumia kikombe kidogo cha gramu 20 hadi 25. Mjamzito, na mwenye shinikizo la damu au mapigo ya moyo yasiyotulia, aulize kwanza.

Pili, joto. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, lilisema vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi 65, huenda vinasababisha saratani ya umio. Mate isiyo ya moto sana haikuwekwa kwenye kundi hilo. Afrika Mashariki tuko kwenye ukanda wenye saratani nyingi ya umio, hivyo tusilichukulie kwa wepesi. Mrija unapeleka maji nyuma ya ulimi kabla mdomo haujahisi joto. Maji ya chupani yakiwa 70 hadi 75, yakipita kwenye yerba yanashuka. Subiri kidogo baada ya kumimina, vuta funda dogo. Likikuunguza, ni la moto mno, hata kama kipimajoto kinasema sawa.

Tatu, ile yenye moshi ina kemikali za moshi zilizobaki kwenye jani. Anayekunywa kila siku achague iliyokaushwa kwa hewa ya moto bila moshi. Pakiti nyingi zinaandika "sin humo".

Na wenye upungufu wa damu: iache saa moja mbali na chakula, kama chai, kwa kuwa inazuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri.

---

Mtaa_wa_Pwani

Ahsante daktari. La mwisho kutoka kwangu: kuhifadhi na kusafisha.

---

Fundi_Buyu

Yerba inanyonya harufu haraka. Isikae kabati moja na karafuu, iliki au vitunguu. Iweke kwenye kopo la bati au la glasi nyeusi lenye mfuniko mkali, mbali na jiko na mwanga. Tikisa kopo kabla ya kuchota, kwa sababu vijiti hupanda juu na vumbi kushuka. Usipotikisa, nusu ya mwisho ya pakiti itakuwa vumbi tupu na utalaumu kampuni.

Bombilla isuuzwe kila baada ya kunywa kwa kupitisha maji ya moto kutoka pande zote mbili. Mara moja kwa wiki mbili, kama unatumia kila siku, ichemshe dakika kumi kwenye nusu lita ya maji yenye kijiko kidogo cha baking soda, halafu pitisha brashi nyembamba ya kusafishia mrija. Maji ya kwanza yatatoka ya kahawia. Ukiona ukoko mweupe wa maji magumu, soda haitoi. Hapo loweka saa moja kwenye maji ya ndimu, kisha suuza vizuri. Nunua ya chuma kisichoshika kutu. Zile zilizopakwa rangi ya dhahabu au fedha kwa juu zinabanduka mdomoni, ziepukeni.

Yerba iliyotumika ikaushwe au imwagwe moja kwa moja kwenye shimo la mboji. Isipite kwenye sinki, vijiti vinajazana kwenye kona ya bomba na kuliziba.